SOMO LA VIJANA: Siku Mbili Katika Hoteli ya Mlimani – Je, Kupumzika kwa Starehe ni Dhambi?

 

 Leo tuongee jambo ambalo wengi wetu tunaliona kwenye simu karibu kila siku: picha za watu wamekaa ndani ya bwawa la maji ya moto, nyuma yao mlima, mkononi glasi ya juisi, mwilini yale majoho meupe ya taulo. Chini ya picha wameandika “nimestahili.” Wengine tunabonyeza moyo na kupita. Wengine tunaumia kimoyomoyo. Na wengine, hasa sisi wa kwaya na VIWAWA, tunatoa hukumu haraka: hiyo ni anasa, watu hawa wamemsahau Mungu.

Mimi pia nilikuwa nasema hivyo, mpaka zamu yangu ilipofika.

Kazini kwetu kila mwisho wa mwaka huwa kuna bahati nasibu ya wafanyakazi. Zawadi zenyewe ni za kawaida tu: birika la umeme, feni, mfuko wa mchele. Mwaka ule mteja mmoja alitoa zawadi ya kulala siku mbili, watu wawili, katika hoteli moja kubwa yenye spa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Marangu. Namba iliyoitwa ilikuwa yangu. Wenzangu wakaanza kunitania nitaenda na nani. Nikawaambia: na mama.

Mama yangu ni mtu wa hukohuko Marangu. Ametulea watoto watano kwa ndizi na maziwa. Zaidi ya miaka 20 amepita nje ya geti la hoteli ile akiwa na mkungu kichwani, anaenda sokoni. Alilijua geti, aliwajua na walinzi kwa majina. Ndani hakuwahi kuingia hata siku moja.

Yaliyotokea

Tulifika Ijumaa jioni. Pale mapokezi kijana mmoja akatuletea vitambaa vyenye joto vya kufutia uso na mikono. Mama akafuta, akakikunja cha kwake vizuri mara nne, halafu akauliza akakifulie wapi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Asubuhi yake nimeamka, nakuta mama ameshatandika kitanda chake, amefuta sinki, amezipanga taulo kama duka. Nikamwambia, “Mama, kuna watu wanalipwa kufanya hiyo kazi!” Akanijibu bila hata kugeuka: “Najua wanalipwa, mwanangu. Lakini kitanda nimelalia mimi.”

Baada ya chai tukaenda kwenye spa. Mama alikataa kukandwa mwili, akasema yeye si unga. Akakubali miguu tu. Binti mmoja akaleta beseni la maji ya moto yenye chumvi na majani, akapiga magoti, akaanza kumwosha. Mama akairudisha miguu haraka: “Hapana binti, miguu hii ina nyufa, utajikwaruza.” Binti akacheka, akasema, “Mama, na wa kwangu nyumbani ana hiyohiyo. Lete.” Mama akairudisha miguu majini. Akafumba macho.

Tuliporudi chumbani akajilaza “kidogo tu.” Ilikuwa saa tano asubuhi. Akaamka saa tisa alasiri. Sijawahi kumwona mama amelala mchana, isipokuwa akiwa mgonjwa. Alikaa kitandani kimya kwa muda, akiuangalia mlima dirishani, halafu akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe: “Kumbe nilikuwa nimechoka namna hii.”

Nilitoka nje kwenye kibaraza, nikalia. Miaka yote nilikuwa najua mama ana nguvu. Sikuwahi kujua kwamba amechoka, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Jumapili tulisali misa ya kwanza, tukarudi kuchukua mizigo. Dada wa usafi akabisha hodi, akamsalimia mama shikamoo, akaingia kuokota taulo. Nilizihesabu anavyookota: saba, kwa siku mbili, na tano zilikuwa za kwangu mimi, nimezitupa chini baada ya kila kuoga. Mama akamuuliza, “Binti, leo umesali misa ya ngapi?” Yule dada akasita. “Hii ni Jumapili ya tatu sijasali, mama. Zamu.”

Mama hakumhubiria. Alivuta kiti, akamimina chai iliyokuwa imebaki kwenye chupa, akamwambia: “Chumba chetu kiko tayari, nimeshakifanya. Dakika ulizotakiwa ufanye hapa ni zako. Kaa.” Yule dada akaangalia mlangoni, akaangalia kiti, akakaa. Akavua viatu.

Kijana mwenzangu, mahubiri mengi nimeyasikia kuhusu pumziko, lakini lile la kiti na kikombe cha chai ndilo lililonifanya niandike somo hili. Tulitazame sasa kwa mwanga wa imani.

1. Pumziko ni amri. Halikutolewa kwa matajiri peke yao

Tuanze na swali letu: je, kupumzika ni dhambi? Hapana. Katika Amri Kumi za Mungu, kupumzika kumo ndani (Kut 20:8-11). Mungu mwenyewe, baada ya kazi ya kuumba, anaonyeshwa akipumzika. Wanafunzi waliporudi kutoka utume, Yesu aliona kwamba watu walikuwa wengi mno kiasi kwamba hata nafasi ya kula hawakuipata, akawachukua wakaenda mahali pa faragha wapumzike (Mk 6:30-32). Angalia: wagonjwa walikuwepo bado, na wenye shida walikuwepo bado. Hata hivyo Bwana aliona uchovu wa vijana wake.

Na nabii Eliya je? Alikimbilia jangwani, amekata tamaa, anaomba afe (1 Fal 19). Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Ndipo akapata nguvu ya kutembea hadi Horebu, mlima wa Mungu. Kabla ya neno lilitangulia godoro, tuseme hivyo.

Siku hizi kuna misemo mingi ya vijana wapambanaji, eti “nitalala nikifa.” Tunafanya kazi mchana, usiku tunauza vitu mtandaoni, Jumapili tunatafuta kazi ya ziada, halafu tunashangaa kwa nini tuna hasira na kila mtu na sala haituingii. Katekisimu (namba 2172) inafundisha kwamba siku ya mapumziko ni kama maandamano ya kupinga utumwa wa kazi na ibada ya pesa. Yaani ukipumzika kwa imani, unatangaza kwamba dunia inaendeshwa na Mungu, wala haitaanguka ukikaa chini siku moja.

Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye mwaka 1998 alituandikia barua nzima juu ya Siku ya Bwana, Dies Domini, alikuwa mtu wa milima tangu ujana wake Poland. Hata alipokuwa Papa alikwenda likizo Les Combes, kijiji cha milimani huko Val d’Aosta, Italia, mara nyingi tu. Hakuna aliyemwona mvivu.

2. Hoteli na hospitali ni ndugu

Sasa twende kidogo Ulaya, kwa sababu huku ndiko mtindo huu wa hoteli za mlimani zenye maji ya tiba ulikokulia, na historia yake ina somo.

Neno “spa” ni jina la mji. Upo Ubelgiji, katika vilima vya Ardennes, na watu walikwenda huko kwa karne nyingi kunywa na kuoga maji ya chemchemi zenye madini. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mji huo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine 10 ya aina hiyo, kutoka nchi 7 za Ulaya. Maji yenyewe hayana uchawi: mvua na theluji huzama chini sana ardhini, na mahali pengine hupata joto huko, halafu hupanda tena kupitia nyufa za miamba yakiwa yamebeba madini. Mwili ukiingia kwenye maji ya moto, mishipa ya damu hupanuka na misuli hulegea. Ndiyo maana mama alilala vile. (Na ndiyo maana mwenye matatizo ya presha au moyo, au mjamzito, amuulize daktari kabla ya kuingia kwenye vyumba vya mvuke.)

Waliokwenda kwenye chemchemi hizo, wengi walikuwa wagonjwa. Vivyo hivyo milimani. Mji wa Davos huko Uswisi uko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Leo unajulikana kwa mikutano ya matajiri na kuteleza kwenye theluji. Lakini katika karne ya 19 ulijulikana kwa kifua kikuu. Wagonjwa walipelekwa huko, wakalazwa kwenye vibaraza, wamefungwa blanketi, wavute hewa safi ya baridi kwa masaa, kwa sababu dawa haikuwepo. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943. Baada ya hapo vitanda vya wagonjwa vikaanza kubaki vitupu, na nyumba kadhaa za wagonjwa zikageuzwa hoteli. Ile ya Schatzalp, iliyofunguliwa mwaka 1900 juu ya mji huo, ni hoteli hadi leo. Vibaraza ambavyo leo mgeni ananywea kahawa akitazama milima vilijengwa kwa ajili ya mtu anayekohoa damu.

Nenda nyuma zaidi. Kati ya Uswisi na Italia kuna njia ya mlimani inayoitwa Great St Bernard, mita 2,469 juu ya bahari. Zamani wasafiri na mahujaji wa kwenda Roma walipita hapo, wengine wakafunikwa na theluji, wengine wakaporwa. Katika karne ya 11, kama mwaka 1050 hivi, padre mmoja wa Aosta, Mtakatifu Bernardo, akaanzisha pale juu nyumba ya kuwapokea wapita njia. Watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino wamekaa pale karne kwa karne, wakiwatafuta waliopotea kwenye theluji. Wale mbwa wakubwa maarufu walipata jina lao hapo. Na mpaka leo nyumba ile bado inapokea wageni. Mwaka 1923 Papa Pius XI, ambaye kabla ya kuwa Papa alikuwa mpanda milima hodari, alimtangaza Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu ya maneno mawili tunayoyatumia kila siku: hoteli na hospitali. Yote mawili yamefika kwetu kutoka Ulaya, na mzizi wake ni mmoja, neno la Kilatini *hospes*: mgeni, na pia anayempokea mgeni. Mwanzoni kumpokea aliyechoka na kumpokea anayeumwa ilikuwa kazi moja. Baadaye ndugu hawa wakaachana: mmoja akabaki na wagonjwa, mwingine akabaki na wenye hela.

Basi ukilala hotelini, kumbuka unalala katika nyumba ambayo asili yake ni huruma. Huna sababu ya kuona aibu kupokelewa. Jiulize tu: na mimi nampokea nani?

3. Amri inamtaja pia anayekuhudumia

Hapa ndipo mama alipotufunga magoli. Fungua Kumb 5:12-15. Mungu anapoamuru pumziko, hamtaji mwenye nyumba peke yake. Anamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, anamtaja mgeni, anamtaja hata ng’ombe na punda. Na anatoa sababu: mtumishi apumzike kama wewe, maana na wewe ulikuwa mtumwa Misri. Yaani pumziko lako halijakamilika ikiwa limejengwa juu ya mgongo wa mtu ambaye hapumziki kabisa.

Kanisa limelishika jambo hili. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi kupumzika na kuitunza siku ya Bwana. Nayo Katekisimu (namba 2187) inatuambia tusiwadai wenzetu kazi zisizo za lazima zitakazowazuia kuiadhimisha Jumapili. Inajua kwamba kuna kazi ambazo haziwezi kusimama Jumapili, za hospitalini, za usafiri, za mahotelini. Lakini hata hapo wenye kazi wanapaswa kuhakikisha wafanyakazi wao wanapata muda wa kutosha wa kupumzika na kusali.

Sasa, mimi si mwenye hoteli. Wewe huenda pia siye. Tufanye nini? Hebu urudie zile taulo zangu tano. Kila taulo iliyotupwa chini kuna mgongo unaoinama kuiokota, mikono inayoifua, na maji yanayotoka mlima uleule unaowanywesha watu wa chini. Ningeitundika moja nikaitumia siku mbili, ningepungukiwa na nini? Hakuna. Dhambi yangu haikuwa kukaa kwenye maji ya moto. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna mtu.

Na taulo katika imani yetu si kitu kidogo. Usiku ule wa Alhamisi Kuu, Bwana wetu aliinuka mezani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akamimina maji, akawaosha wanafunzi miguu na kuwafuta (Yn 13:1-15). Petro akakataa, kama mama alivyokataa. Yesu akamwambia lazima akubali kuoshwa, kisha akawaamuru wote waoshane. Ona mambo mawili yaliyomo: kukubali kuoshwa, na kuosha. Wapo Wakristo wanaojua kutumikia tu, hawawezi kupokea. Wanachoka, wananung’unika, mwisho wanavunjika. Wapo wanaojua kupokea tu. Mama siku ile alifanya yote mawili katika siku mbili: Jumamosi alioshwa, Jumapili akatumikia.

4. Petro alitaka kuongeza siku

Somo la nne linatoka mlimani pia. Yesu alipogeuka sura mbele ya Petro, Yakobo na Yohane (Mt 17:1-9), Petro alifurahi mno. Akapendekeza wajenge vibanda vitatu. Kwa lugha ya leo, alitaka waongeze siku hotelini. Lakini ono likaisha, na Yesu akawaongoza kushuka. Kule chini alikuwepo baba mwenye mtoto mgonjwa, anawasubiri. Mlima uliwapa nguvu kwa ajili ya yule mtoto.

Kijana aliyelielewa hili vizuri ni Mtakatifu Pier Giorgio Frassati. Alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1901, katika familia yenye uwezo mkubwa. Baba yake ndiye aliyekuwa mwenye gazeti la La Stampa, na baadaye balozi wa Italia nchini Ujerumani. Hela ya kukaa katika hoteli nzuri za Alpi familia yake ilikuwa nayo. Pier Giorgio aliipenda milima kupita kiasi: alipanda, aliteleza kwenye theluji, alipiga picha na marafiki, alicheka sana. Lakini akiwa mjini hela yake ya nauli mara nyingi iliishia kwa maskini, yeye akarudi nyumbani kwa miguu. Aliwatembelea wagonjwa katika nyumba duni ambazo wazazi wake hata hawakujua kwamba anaingia.

Alikufa tarehe 4 Julai 1925, ana miaka 24, kwa polio, ambayo inadhaniwa aliipata kwa wagonjwa hao. Akiwa tayari anapooza aliandika kwa mkono uliolegea kikaratasi cha kukumbusha sindano za maskini mmoja aliyekuwa anamhudumia. Siku ya mazishi familia yake ilipigwa na butwaa kuona umati wa maskini barabarani. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis.

Kwa hiyo ukiulizwa, je, mtakatifu anaweza kupenda starehe ya mlimani? Mjibu: ndiyo, yupo. Lakini alishuka.

5. Ukipata nafasi, fanya hivi

Nisikuache hewani. Haya ni machache ya kuzingatia:

*Usikope ili upumzike.* Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya picha mbili za bwawani si pumziko. Utalala usiku mbili kwenye godoro laini, halafu miezi sita hulali kabisa.

*Usidharau pumziko la bei ndogo.* Wengi wetu hoteli kama ile hatutaiona tena, na sawa tu. Kuna mto, kuna kivuli, kuna nyumba za mafungo za masista. Huku kwetu kuna Chemka kule Hai, maji yake ni safi ajabu (ingawa hayachemki kama jina linavyodai). Tena kuna mkeka chini ya mwembe na simu imezimwa.

*Panga misa kabla hujapanga masaji.* Uliza mapema parokia ya karibu iko wapi na misa ni saa ngapi. Jumapili haiendi likizo.

*Msalimie anayekuhudumia, muulize jina.* Acha chumba kikiwa cha mtu mwenye adabu. Ukiweza, mwachie chochote kidogo, na mwachie kwa heshima, mkononi, na asante.

*Mpeleke aliyechoka kuliko wewe.* Kama nafasi ni ya watu wawili, fikiria vizuri yule wa pili.

*Kisha shuka.* Ukirudi nyumbani mwenye hasira zilezile na uvivu uleule, basi ulibadilisha tu kitanda.

Kabla sijamaliza

Wiki chache baadaye mama alinipigia simu. Alikutana na yule dada wa usafi kanisani, Jumapili, misa ya kwanza. Kumbe baada ya siku ile alijipa moyo akaongea na mwenzake wa kazi, Mwislamu, wakakubaliana: yeye amshikie zamu Ijumaa mchana, na mwenzake amshikie Jumapili asubuhi. Msimamizi akaridhia. Ni jambo dogo tu, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza.

Na mama je? Bado anauza ndizi. Lakini siku hizi Jumapili mchana anajilaza. Wajukuu wakipiga kelele anawaambia, “Nyamazeni, nipo hotelini.” Mimi nikienda likizo, kazi za mchana huo ni zangu: kuosha vyombo, kukata majani ya ng’ombe, kuchota maji. Miaka mingapi nilisubiri bahati nasibu initume kumpumzisha mama yangu, wakati ningeweza kuanza kwa kuosha sufuria?

Maswali ya kutafakari (peke yako au katika kikundi)

1. Nyumbani kwenu ni nani ambaye hujawahi kumwona amepumzika? Umewahi kumuuliza kama amechoka?
2. Wewe ni wa kundi gani: anayejua kutumikia tu, au anayejua kutumikiwa tu? Soma tena Yn 13:1-15.
3. Kuna mtu anayekosa Jumapili kwa sababu yako: dada wa kazi, kijana wa dukani, mdogo wako? Unaweza kubadilisha nini wiki hii?

Zoezi la wiki: Jumapili ijayo chagua kazi moja ya mtu mmoja nyumbani, uifanye wewe, bila kutangaza. Halafu mwambie akae.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyeuona uchovu wa wanafunzi wako, utuone na sisi. Utufundishe kupumzika bila kiburi na kufanya kazi bila utumwa. Utupe macho ya kuwaona wanaotandika vitanda vyetu, wanaopika chakula chetu na kufua nguo zetu. Uwape wote waliochoka mahali pa kukaa, na utufanye sisi tuwe wa kwanza kuwavutia kiti. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Mtakatifu Bernardo, utuombee. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.

Ubarikiwe, kijana mwenzangu. Na kama mama yako yuko karibu, mwambie leo vyombo ni vyako.